Reli Iliyofungwa kwa Mapenzi

Nchi yenyewe msijisumbue kuitafuta kwenye ramani. Ilikuwapo zamani, kisha Wizara ya Siri ikagundua kwamba maadui nao husoma ramani, ikaifuta kwa wino mweusi, na tangu siku hiyo hata wananchi wake wakitaka kujua wako wapi huuliza polisi. Lakini ipo, inapumua, na ina reli. Reli hiyo ndiyo iliyomtia Selenge Mavura matatani. Hakuiba wala hakutaka kupindua serikali. Aliandika sentensi moja nzuri.

Selenge alikuwa mwandishi wa hotuba za Mlezi Mkuu wa Taifa, na kazi ilimkaa. Mwaka wa njaa, yeye ndiye aliyetunga kwamba nchi imeingia katika "kipindi cha wepesi wa mwili". Umeme ulipokatika mwezi mzima, yeye ndiye aliyempa Mlezi maneno ya kuwapongeza wananchi kwa kulirudishia giza heshima yake. Watu walipiga makofi, Mlezi alifurahi, Selenge akarudi nyumbani kula. Aliamini kwamba hotuba ni kitu cha hewani tu. Inasemwa, inashangiliwa, watu wanakung'uta vumbi kwenye suruali zao na kwenda zao.

Ikakaribia Sikukuu ya Umoja. Selenge akaketi ofisini akakuta maneno ya umoja yamemwishia. Mnyororo alishautumia. Mafiga alishayatumia mara nyingi mpaka yakapata masizi. Akiwa anatafuna kalamu, treni ikapiga honi nje, naye alipochungulia dirishani akawaona mafundi wa njia wakigonga misumari ya reli kwa nyundo zao ndefu. Akaandika bila hata kufikiri:

"Taifa letu si reli, hata lishikwe kwa misumari. Sisi tumeshikwa na mapenzi. Na penye mapenzi, ndugu zangu, msumari wa nini?"

Akaisoma, akajipongeza kwa kikombe cha chai.

Siku ya sikukuu Mlezi alipofika penye sentensi ile alisita, jambo ambalo hakuwa na desturi nalo, kwa kuwa kwa kawaida alisoma hotuba kama mtu anayewahi choo. Akairudia. Akainua mkono. "Msumari wa nini?"

"Wa niniii!" uwanja ukajibu.

"Sikusikia! Msumari wa nini?"

"Wa niniii!"

Waliendelea hivyo mpaka mpiga tarumbeta wa bendi ya jeshi akazimia kwa jua. Jukwaani, Waziri wa Reli na Maadili, Bwana Madaha, alikuwa amesinzia. Kelele zikamwamsha, naye akasikia mambo matatu: reli, msumari, na swali. Bwana Madaha alikuwa amedumu katika baraza la mawaziri kuliko mtu yeyote, na siri yake ilikuwa moja tu. Mlezi akiuliza swali, yeye hajibu. Anatekeleza.

Kesho yake asubuhi ikaanza Operesheni Ng'oa.

*

Kwa asiyewahi kuiangalia reli kwa karibu, mambo yako hivi. Chini kuna kokoto. Juu ya kokoto hulazwa mataruma, yaani magogo ya mninga yaliyochongwa mraba, na juu ya mataruma hupita reli mbili sambamba. Ili zisitembee ovyo, hupigiliwa misumari minene kama kidole gumba, yenye kichwa kilichopinda kama mdomo wa kasuku, na mdomo huo huuma ukingo wa reli na kuukandamiza kwenye mti. Watawala wa zamani waliojenga njia ile walipigilia misumari kwenye kila taruma. Redio ya taifa sasa ikalieleza jambo hilo vizuri: wale walikuwa watu wasiopenda mtu, ndiyo maana walihitaji misumari.

Mafundi walewale waliozoea kuigonga wakapewa mitaimbo ya kuing'oa. Ilitoka kwa shida, ikilia kwenye mti, na mwandishi mmoja wa gazeti la serikali akaripoti kwamba hicho kilikuwa kilio cha ukoloni.

Selenge alikutana na Mhandisi Mkuu wa Reli, Bwana Kirumbe, kwenye korido ya wizara. Kirumbe alikuwa amesomea reli ng'ambo mpaka nywele zikamwisha.

"Mhandisi," Selenge akauliza kwa sauti ya chini, "hivi reli itakaa kweli?"

"Itakaa."

"Alhamdulillahi."

"Itakaa kwa muda. Baadaye itakuwa na mawazo yake."

"Sasa mbona mkutanoni hukusema kitu? Nimekuona ukipiga makofi!"

Kirumbe akaangalia nyuma, akaangalia mbele. "Ndugu Mavura, mimi nilisomea reli. Ushujaa haukuwamo kwenye masomo yetu." Kisha akamtazama kwa namna ambayo Selenge hakuipenda. "Na aliyeandika ile sentensi, alisomea nini?"

Selenge akakumbuka kwamba ana shughuli nyingi, akaondoka.

Likabaki swali la kitaalamu: msumari ukishatoka, mahali pake pawekwe nini? Mapenzi, bila shaka. Lakini mapenzi bila utaratibu ni uhuni, alisema Waziri Madaha, akaagiza reli na mataruma vifungishwe ndoa. Reli iwe bwana harusi, taruma liwe bibi harusi. Ilipobainika kwamba reli moja inalala juu ya mataruma yasiyo na idadi, Bunge likajadili wiki nzima kama ni halali bwana mmoja kuoa wake wengi kiasi hicho, na wabunge wenye wake wengi wakaitetea reli kwa machozi. Masheikh na mapadri wote wa nchi waliugua wiki hiyo hiyo, kila mtu tumbo lake, kwa hiyo ndoa zikafungishwa na wakuu wa wilaya. Ikapigwa ngoma, zikafungwa tepe za rangi ya bendera, wali ukaliwa juu ya kokoto.

Na kwa kuwa sasa vilikuwa mume na mke, ikapitishwa Sheria ya Kulinda Unyumba wa Reli. Mtu yeyote, raia au askari, akikutwa ameinama kuangalia pale reli inapokutana na taruma, kosa lake ni kuchungulia chumba cha wanandoa. Wakaguzi wa njia wakapelekwa likizo siku hiyo hiyo, maana ilionekana kwamba kwa miaka yote walikuwa wakilipwa kwa ajili ya tabia mbaya.

Misumari yenyewe iliwekwa kwanza kwenye ua wa wizara. Mawaziri wakaomba michache, wakaitumia kupigilia viti vyao vya Bunge sakafuni, na inasemekana hakuna kitu katika nchi ile kilichowahi kushikwa imara kama viti vile. Iliyobaki ikagawiwa kwa wananchi wa kandokando ya njia, kila kaya fungu lake, pamoja na amri kwamba izomewe kila asubuhi kabla ya chai. Mabalozi wa nyumba kumi-kumi walipita kusikiliza. Aliyezomea kwa uvivu alirudishwa kuzomea upya.

*

Mke wa Selenge aliitwa Tausi. Alikuwa mfanyabiashara wa vyungu. Alivifuata huko bara, kwenye udongo mzuri, akavipakia treni na kuviuza sokoni mjini. Siku moja aliingia nyumbani na kikapu, akakimwaga katikati ya sebule. Vilikuwa vigae vitupu.

"Pole, mama Chiku," Selenge akasema. "Wapagazi hao?"

"Wapagazi gani? Treni! Leo nimepanda treni inayokwenda kama mlevi. Tumefika kwenye mteremko, behewa zima likaenda kushoto, likafikiri kidogo, likarudi. Kondakta anapita anatuambia tukae tukipendana. Ati mtu akiwa na kinyongo, magurudumu yanahisi. Kuna mama na mkwewe walikuwa hawasemezani tangu mwaka juzi, tukawabembeleza wapatane kabla hatujafika darajani."

"Wakapatana?"

"Wamekumbatiana wanalia. Mimi nimekumbatia vyungu, na unaona vilivyo." Akaketi, akaanza kuokota vigae kimoja kimoja. "Ningempata aliyekuchomekea hotubani upuuzi ule wa msumari wa nini, ningempiga na hiki kikubwa."

Selenge akavua miwani, akaifuta kwenye shati, akaivaa, akaivua tena.

Tausi akaacha kuokota. "Baba Chiku."

"Naam."

"Si wewe."

Selenge akaangalia ukutani.

"Ni wewe!"

"Ilikuwa tamathali tu, mama Chiku. Mtu hawezi kujua kama watu wataenda kuing'oa tamathali kwa mtaimbo."

Tausi hakumpiga. Alikusanya vigae vyake, akatoka navyo uani, na kwa siku kadhaa Selenge alitengewa chakula bila kuambiwa karibu. Kwa mtu aliyeishi kwa maneno, hiyo ilikuwa adhabu ya kutosha.

*

Kisha treni ya mizigo ikaanguka.

Ilikuwa mahali paitwapo Kona ya Mbega, ambapo njia inajipinda kuzunguka kilima. Reli ya nje, ikisukumwa na uzito, iliteleza juu ya mataruma kama mtu anayejitenga kitandani, na mabehewa yote yakaifuata. Hakufa mtu. Sukari ilimwagika mpaka kijiji kizima kikanywa chai tamu, na dereva, mtu mmoja mpana aitwaye Fumbwe, alivunjika mguu.

Selenge akaitwa Ikulu kuandika taarifa. Alikaa na karatasi nyeupe mbele yake, na kwa mara ya kwanza katika kazi yake jasho likamtoka. Halafu akaandika, maana ndiyo kazi aliyoajiriwa: "Treni haikuanguka. Imejinyoosha." Kuhusu dereva, Waziri Madaha alitunga mwenyewe. Dereva ameshitakiwa kwa kukosa mapenzi akiwa kazini.

Selenge akatumwa hospitali kuchukua sahihi ya mshitakiwa. Alimkuta Fumbwe mguu umefungwa plasta na mkono umefungwa pingu kwenye kitanda. Kando yake, kwenye kistuli, mke wake alikuwa akimmenyea chungwa.

"Nisaini kwamba sikupenda nini, bwana?" Fumbwe akauliza.

"Njia. Abiria. Taifa kwa ujumla."

"Nimeendesha treni tangu ndevu hazijaota. Nimewahi kusimamisha treni nzima kwa sababu ya ndama. Mapenzi gani zaidi mnataka? Mke wangu huyu hapa, muulize."

"Anapenda," mama yule akasema bila kuinua macho kwenye chungwa. "Mpaka anaudhi."

Selenge akabaki amesimama na kalamu mkononi. Alitaka kusema pole. Alitaka kusema mengine pia. Badala yake akasikia mdomo wake ukisema, "Ni utaratibu tu," na Fumbwe, ambaye hakuwa na mkono mwingine wa kubishana nao, akasaini. Akahukumiwa kifungo na masomo ya mapenzi, mtihani ukiwa mwisho wa kila mwezi. Habari zilisema anafeli.

Selenge alirudi nyumbani akaishiwa hamu ya kula. Tausi akamwangalia, akamwambia karibu.

*

Huenda mambo yangeishia hapo, kila mtu akajipangia safari zake kwa baiskeli, kama si siku ya kuzaliwa ya Mlezi. Ili kuwanyamazisha waliokuwa wakinong'ona kuhusu sukari, Mlezi akatangaza Treni ya Mapenzi. Itatoka mji mkuu hadi kijijini kwake, Chemchemi, ikipita njia yote, imejaa wanakwaya, wanafunzi, na vikundi vya kina mama wa sokoni. Yeye Mlezi ataipokea huko, baada ya kwenda kwa helikopta, kwa kuwa aliipenda treni mno hata hakutaka kuilemea.

Kikundi cha wauza vyungu kiliandikiwa kuimba. Kukataa hakukuwa kati ya mambo yaliyotajwa.

"Utasema unaumwa," Selenge akamwambia Tausi.

"Wenzangu nao waseme nini? Wote tumbo, kama masheikh?"

Selenge akakimbilia kwa Waziri Madaha. Alimkuta akipima suti.

"Mheshimiwa Waziri, kwa heshima zote, misumari irudi. Hata kwa safari moja tu."

"Ndugu Mavura, umeingia wazimu? Neno la Mlezi haliondolewi ila kwa neno la Mlezi."

"Wewe utapanda treni hiyo?"

"Mimi nimo katika kamati ya mapokezi," akasema Waziri, akigeuka mbele ya kioo. "Watu wanadharau mapokezi. Ni kazi nzito sana. Vipi, mabega yanakaa?"

Jioni hiyo Selenge alisimulia yote mezani. Tausi alisikiliza huku akikoroga mchuzi. Kwamba kuagiza msumari ni uhaini. Kwamba kuutaja kwa wema ni uhaini. Kwamba kinachoruhusiwa ni kuuzomea na kuupiga marufuku.

"Basi upigeni marufuku," Tausi akasema.

"Umekwisha pigwa marufuku, mama Chiku. Ndiyo taabu yenyewe."

"Haujapigwa vizuri. Mimi gongo najua kuipika, nani alinifundisha? Si lile tangazo la serikali? Ni marufuku kuloweka pumba siku kadhaa, ni marufuku kuchanganya na sukari, ni marufuku kupitisha mvuke kwenye mrija wa shaba. Nchi nzima ilijifunza siku ile. Hata mama yangu, mtu wa swala tano, aliniambia kumbe ni rahisi hivyo."

Selenge akaacha kijiko hewani. Kisha akainuka, akambusu mkewe kwenye paji la uso, jambo ambalo halikuwa kawaida yake kabla ya chakula kwisha, akaenda kumtafuta Mhandisi Kirumbe.

*

Waliandika tangazo pamoja, nyumbani kwa Kirumbe, redio imefunguliwa kwa sauti kubwa. Kirumbe mwanzoni aliinuka mara kwa mara kuchungulia mlangoni. Kisha akaanza kueleza, na kadiri alivyoeleza ndivyo alivyokaa wima, kama mtu aliyeruhusiwa kusema lugha ya kwao.

"Kutumia tundu lile lile la zamani haifai," alisema. "Limelegea, msumari utacheza. Kwanza wazibe."

"Ni marufuku kuziba," Selenge akaandika.

Asubuhi wakalipeleka kwa Waziri Madaha. Alilisoma akitikisa kichwa kwa kuridhika. Alikuwa hajawahi kuona marufuku nyingi namna ile mahali pamoja. Akauliza kama wangeweza kuongeza ukali kidogo, wakaongeza alama za mshangao, akasaini. Magari ya vipaza sauti yakapita njia nzima, kijiji kwa kijiji, na redio ikalirudia kila baada ya taarifa ya habari:

"Wananchi mnatangaziwa! Ni marufuku kabisa kuichukua misumari mliyopewa kuzomea na kuirudisha relini! Ni marufuku kuziba matundu ya zamani ya mataruma kwa vigingi vya mti mkavu! Ni marufuku kutoboa tundu jipya, jembamba kuliko msumari, ili mti uushike! Ni marufuku kupima nafasi kati ya reli na reli kwa fimbo ya urefu mmoja kabla ya kupigilia! Mtu asithubutu kupigilia msumari upande wa ndani na mwingine upande wa nje wa kila reli, huku ameipishanisha kidogo ili taruma lisipasuke! Ni kosa kubwa kuhakikisha kichwa cha msumari kimeuma ukingo wa reli! Wakazi wa Kona ya Mbega wanaonywa kwa namna ya pekee wasije wakaongeza misumari upande wa nje wa kona! Atakayekutwa akigonga mchana kweupe huku akiimba nyimbo za kumsifu Mlezi ili sauti ya nyundo isisikike, atachukuliwa hatua!"

Watu wa kandokando ya njia walisikiliza kwa makini. Walikuwa wameishi na serikali yao muda mrefu, wanamjua mtu wao akisema. Mkulima mmoja aliyekuwa anachambua maharage alimwomba dereva wa gari la matangazo arudie pale pa vigingi, kwani alitaka kuogopa vizuri.

Wiki ile nyimbo za kumsifu Mlezi ziliimbwa kwa wingi usiowahi kutokea. Zilianza asubuhi, zikaendelea mpaka jua la alasiri, na zilikuwa na mapigo mazito ya ajabu. Askari waliotumwa kukagua waliripoti kwamba uzalendo umepanda. Walipoulizwa kama waliangalia reli zenyewe, wakajibu kwa mshangao kwamba wao ni watu wenye heshima zao, hawachungulii wanandoa.

*

Siku ya safari Selenge alifika stesheni akiwa amevaa suti yake ya kazini. Jina lake halikuwamo kati ya abiria. Afisa wa mlangoni akamwambia wakubwa wanakwenda kwa magari.

"Nakwenda na mke wangu," Selenge akasema.

"Kwa nini?"

Hakuwa na sentensi ya kumpa. Akapita.

Alikaa karibu na Tausi kwenye benchi la mbao, vyungu vitupu vya maonyesho vimepangwa miguuni. Treni ikaondoka kwa vigelegele. Mwanzoni ilikwenda polepole, na kila ilipogonga kiungo cha reli, behewa zima lilinyamaza, likasikiliza, kisha likaendelea kuimba. Selenge alijikuta anasali. Tangazo lile lilikuwa maneno yake tena, alifikiri, na safari hii amempakia mkewe juu yake. Je, kama hawakuelewa? Je, kama kuna kijiji kimoja, kimoja tu, kilichoogopa kweli?

"Toa mkono kwenye goti langu," Tausi akamnong'oneza. "Unaniumiza."

"Tunakaribia kona."

"Najua. Imba."

Kona ya Mbega ikafika. Treni ikainama. Vyungu vikagongana kidogo, vikatulia. Selenge akatoa kichwa dirishani. Wanakijiji walikuwa wamejipanga mbali kidogo na njia, wametulia, wameweka mikono nyuma, kama watu waliokuwa wanapita tu. Chini, kandokando ya reli, kulikuwa kumepakwa samadi kwa urefu wote wa kona, na pale samadi ilipobanduka kidogo, kitu cheusi kilimwangalia, kimeinamisha mdomo wake juu ya ukingo wa reli, hakitaki mchezo. Kingine. Na kingine. Upande wa nje ilikuwa misumari miwilimiwili.

Selenge akarudisha kichwa ndani akakaa. Machozi yalikuwa yanamtoka, na msimamizi wa kwaya alipoona akaandika kwamba ndugu Mavura ameguswa na wimbo.

*

Chemchemi palikuwa na mahema, ng'ombe wa kuchinjwa na kamati ya mapokezi iliyochoka. Mlezi akapanda jukwaani, akainyooshea treni kidole.

"Imefika?"

"Imefikaaa!"

"Kwa msumari hata mmoja?"

"Hata mmojaaa!" wakajibu watu wa njia nzima, kwa sauti moja, bila kupepesa jicho.

Ikatangazwa kuwa mapenzi yameshinda. Waziri Madaha alipewa nishani ya mapokezi. Na kwa kuwa sasa imethibitika kwamba reli yenyewe haina kasoro, kosa la Kona ya Mbega likabaki kuwa la dereva Fumbwe peke yake, akaongezewa kifungo. Selenge alisikia hilo likisomwa, nyama ikamkwama kooni.

Kabla hajaimeza akaitwa mbele ya Mlezi. Mlezi alikuwa anatazama daraja kubwa la reli linalovuka bonde la Chemchemi, uso umemlegea kwa mawazo, na mawazo ya Mlezi yalikuwa kitu cha kuogopwa kuliko hasira yake.

"Mavura. Zile nguzo pale chini."

"Naam, Mtukufu."

"Zinasimama pale za nini?"

Bwana Madaha, aliyekuwa nyuma yao, alitoa kikaratasi.

"Niandikie kitu juu ya nguzo," Mlezi akasema. "Kitamu kama kile cha msumari. Nitakisema kesho kutwa nikifunga sherehe."

Selenge alijifungia kwenye chumba cha wageni. Maneno matamu yalimjia yenyewe, mabaya yale, moja baada ya jingine, kama nzi kwenye sahani. Nguzo ya kweli ni moyo. Taifa linaloelea kwa imani. Alikuwa anayafukuza. Tausi alikuwa kitandani, ameweka miguu juu ya mto, anajipepea.

"Nisipoandika watamtafuta mwingine," Selenge akasema. "Na huyo mwingine ataandika."

"Basi andika. Nani kasema lazima iwe tamu?"

Hotuba aliyoitoa ilikuwa ndefu kuliko zote. Ilianza kwa kusema kwamba madaraja yapo na yataendelea kuwapo. Ikaeleza kwamba nguzo zipo chini ya madaraja, kwa mujibu wa mpangilio uliopo. Haikuwa na swali hata moja. Haikuwa na mahali pa kuinua mkono. Mlezi aliianza kwa nguvu, akatafuta pa kusimama asipaone, akaendelea kwa sababu hakujua namna nyingine ya kufika mwisho. Kwenye aya ya utunzaji wa mifereji bendi ilisinzia. Kwenye aya ya majukumu ya idara, Waziri Madaha alisinzia pia, kikaratasi kikamdondoka. Na mahali fulani katikati ya mambo ya ratiba na usafi wa stesheni, Mlezi mwenyewe akiwa anasoma macho yamefumbwa nusu, ilisemwa kwamba wafungwa wote wenye makosa ya relini watarejea makwao kwa utaratibu wa kawaida.

Hakuna aliyesikia, isipokuwa mkuu wa gereza, aliyekuwa na tatizo la kukosa usingizi. Na neno la Mlezi ni neno la Mlezi.

Hakuna aliyepiga makofi. Nguzo hazikuguswa, maana hakuna aliyekumbuka kama zilitajwa. Selenge akafukuzwa kazi wiki hiyo kwa sababu ya kuishiwa kipaji, akahamia sokoni kumsaidia mkewe kupanga vyungu. Alikuwa anavivunja kimoja kimoja mpaka alipozoea.

Fumbwe aliwakuta huko. Alikuja na mkongojo wake wa kutembelea, amepungua mwili, mkewe nyuma yake na kikapu cha machungwa. Selenge alisimama. Alitaka kuanza na pole, ile ya siku nyingi, lakini Fumbwe akamzuia kwa mkono.

"Mkuu wa gereza alitusimulia," akasema. "Yule bwana hasemi uongo. Ametuambia katika maisha yake hajawahi kusikia hotuba mbaya kama ile."

Selenge akavua miwani, akaifuta kwenye shati.

"Nilijitahidi," akasema.